Marc Bloch Mbele ya Ramani ya Mashamba

Marc Bloch alifundisha historia ya Zama za Kati katika Chuo Kikuu cha Strasbourg kuanzia 1919 hadi 1936. Hati za wafalme alizijua vyema, lakini alipotaka kumfahamu mkulima alitandaza ramani za mashamba: zile zilizochorwa karne ya 18 kwa ajili ya makabaila, na zile za kodi zilizoanzishwa na serikali ya Napoleon, zikionyesha kila kipande cha ardhi na mipaka yake.

Kwanza aliangalia umbo. Kaskazini mwa Ufaransa vipande vilikuwa virefu na vyembamba, vimelala sambamba bila ua. Kusini vingi vilikuwa vipana na havikuwa na mpangilio. Magharibi, mashamba yalizungushiwa ua wa miti na vichaka.

Kisha akatazama plau. Ya kaskazini, nzito na yenye magurudumu, ilivutwa na wanyama kadhaa. Kuigeuza kulikuwa shughuli, kwa hiyo mkulima alipendelea mfuo mrefu. Ya kusini ilikuwa nyepesi, iligeuka upesi. Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapo. Bloch aliuliza tena: mbona vipande vya kaskazini havina ua? Ndipo akazikuta desturi za kijiji. Majirani walipanda na kuvuna kwa majira mamoja, na mavuno yakishatoka, mifugo ya wote iliachiwa ile mabua. Kumbe plau peke yake haikutosha kueleza shamba.

Sehemu ngumu ni kurudi nyuma. Kutoka kwenye ramani inayosomeka, alishuka taratibu hadi kwenye daftari za makabaila na kesi za malisho, akielekea karne zenye maandishi haba. Aliifananisha kazi hiyo na mkanda wa filamu ambao picha yake ya mwisho tu ndiyo iliyobaki wazi: mwanahistoria huanzia hapo, bila kusahau kwamba watu waliomo walikuwa wakitembea. Uangalifu huo wa mwisho ndio ninaoustahi zaidi.

Alitoa mihadhara juu ya hayo Oslo mwaka 1929, ikawa kitabu mwaka 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na wapiganaji wa siri mjini Lyon. Wajerumani walimpiga risasi tarehe 16 Juni 1944. Kitabu chake kuhusu kazi ya mwanahistoria kilibaki nusu, na rafiki yake Lucien Febvre akakichapisha mwaka 1949. Atakayeanza na kile cha 1931 asiziruke ramani zake.