Maji Moto Katika Nyumba Kuukuu ya Milimani

Kisumu hakuna anayehitaji kupasha vyumba joto. Hata alfajiri ya baridi, kipimajoto hushuka hadi nyuzi 16 au 17 hivi, na blanketi moja linatosha. Kinachopashwa ni maji ya kuoga, na mtu anapokarabati nyumba ya zamani jambo hilo huachwa mpaka mwisho, rangi imeshapakwa na vigae vya bafuni vimeshabandikwa. Hapo ndipo fundi anapoitwa apachike hita ya umeme juu ya shawa, basi. Kwangu mimi huo ndio utaratibu mbaya kuliko wote, na nyumba moja ya mtaa wa Milimani iliyofanyiwa kinyume chake inaonyesha ni kwa nini.

Ni nyumba ya mawe ya enzi za ukoloni, vyumba vitatu, paa la vigae vya udongo juu ya mbao zilizochoka. Wanaoishi humo ni watano. Kabla ya kuuliza hita ipi inunuliwe, mafundi walipanda darini na kufungua sanduku la fyuzi. Waya uliofika bafuni ulikuwa ule mwembamba wa taa, na mpira wake ulimeguka vidoleni kama ganda la njugu. Athi, yaani waya wa ardhini, haikuwepo.

Hita ya papo hapo ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 23 kwenye stima ya volti 240. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku, wa milimita 6 za mraba, swichi yake, athi iliyopimwa, na kifaa cha kukata stima mara inapovuja. Watu wengi wamezoea kutekenywa na shoti kidogo wanapogusa mfereji wa shawa. Si jambo la kuzoea hata kidogo. Mwili uliolowa na stima isiyo na athi huua.

Hata hivyo, hita hiyo haistahili kulaaniwa, maana Kisumu inafanya kazi nyepesi kuliko kwenye baridi ya Limuru. Tukichukulia kwamba maji ya tangini yana nyuzi 24 na mtu anaoga ya 39, inapandisha nyuzi 15 tu, na shawa hutoa lita 5 kwa dakika bila shida. Limuru, maji yakiingia na nyuzi 14, hita ileile itatoa lita 3 tu.

Wepesi huo ndio unaolipa jua nafasi. Watu watano wakioga lita 30 kila mmoja, ni lita 150 kwa siku. Kuzipandisha kutoka nyuzi 24 hadi 40 kunataka chini ya uniti 3 za nishati. Paneli ya mita 2 za mraba, hata ikinasa nusu tu ya jua linaloiangukia, hupita hapo siku ya kawaida. Kanuni za serikali za 2012 zilitaka nyumba inayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku iwe na mtambo wa jua, kwa hiyo nyumba hii ingeingia humo moja kwa moja.

Sasa paneli ielekee wapi? Hapa ndipo niliposhawishika kwamba kazi ilifikiriwa. Kisumu iko kilomita 10 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Disemba huegemea kusini, karibu digrii 23 kila upande. Ukiilaza paneli juu ya paa la digrii 30 linalotazama kaskazini, jua la adhuhuri ya Disemba litaipiga kishazari na utapoteza theluthi nzima ya kile ambacho paneli iliyolala tambarare ingepata. Lakini tambarare kabisa nayo haifai: vumbi hukaa, na maji yaliyopata moto, ambayo huwa mepesi na kupanda yenyewe hadi kwenye pipa, hukosa mteremko wa kupandia. Digrii 10 hadi 15 zinatosha.

Waliielekeza mashariki. Anayeishi kando ya ziwa anajua sababu: asubuhi mbingu huwa wazi, kisha upepo wa ziwa husukuma unyevu kuelekea milima ya Nandi, mawingu yakajikusanya, na jioni ngurumo zikarudi mjini. Jua la kutegemewa hapa ni la kabla ya saa nane mchana.

Paa lenyewe liliachwa. Pipa la lita 150 na paneli yake, vikijaa maji, hukaribia kilo 250, na mbao zile hazikustahili kubebeshwa mzigo huo. Vyote viliwekwa kwenye mnara wa chuma uliokuwa unabeba tangi la maji baridi, tangi likiwa juu kabisa, pipa la moto chini yake, paneli chini zaidi. Walichagua paneli bapa badala ya mirija ya kioo yenye ombwe. Mirija hiyo inafaa nchi za baridi, ambako joto hutoroka upesi, lakini hapa hewa yenyewe ina nyuzi 28 mchana, na mvua ya mawe ikishuka, mirija ndiyo huvunjika kwanza.

Mabomba ya chuma yaliyoziba kwa kutu yaling'olewa ukuta ukiwa bado wazi, yakawekwa ya plastiki ya PPR. Kutoka mnarani hadi bafuni ni mita 12, na bomba jembamba la urefu huo hubaki na zaidi ya lita moja na nusu ya maji yanayopoa kila baada ya kuoga. Lilifungwa sponji mwanzo hadi mwisho. Kama vigae vya bafuni vingetangulia, kazi hii yote ingekuwa ya kubomoa upya.

Kwa siku za masika, jua linapokosa kutokeza, ndani ya pipa mna koili ya kilowati 1.5. Inavuta ampea 6 hivi, na kwa saa mbili hutosheleza watu watano. Nayo ilivutiwa waya mpya na athi yake, ila waya wa milimita 2.5 tu. Kilichobaki kilikuwa kivuli: mwembe ulio mashariki ya mnara ulikuwa ukiifunika paneli hadi saa tatu asubuhi. Mwenye nyumba alikataa ukatwe, kwa hiyo matawi ya chini yalipunguzwa na paneli ikasogezwa kwenye kona ya kusini ya mnara.