Mataruma ya Chuma, Mbao za Msaji

Glasgow, ile meli ya Sultani wa Zanzibar, hukumbukwa kwa saa yake ya mwisho tu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 iliwapiga mizinga Waingereza bandarini Unguja, ikajibiwa, ikazama. Habari yake huishia hapo, imebanwa katikati ya masimulizi ya vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Mimi naistahi kwa jambo lililotangulia vita hivyo kwa miaka 18, nalo ni namna ilivyoundwa.

Kwetu Matsangoni, ukiiacha barabara kuu ya Mombasa na Malindi ukashuka Uyombo, karibu na mlango wa hori ya Mida, wavuvi hawakusifii chombo kwa tanga lake wala rangi yake. Watakuuliza chini kukoje. Bamvua likiingia, mashua hupandishwa juu kabisa ya ufuo na kuegemezwa magogo ubavuni. Maji yakishatoka, fundi huinama chini ya tumbo la chombo na kuanza kukwangua kome wadogo na mwani. Kisha hupitisha kidole katika kila ungo la mbao, polepole, kutoka omo mpaka tezi. Anapokuta pamba imelegea au imeoza, huichokonoa yote, akashindilia mpya iliyolowekwa mafuta ya nazi, na patasi yake hugongwa kwa mapigo mepesi yaliyo sawa, kwa kuwa pamba ikipigwa kwa nguvu nyingi hupanua ubao badala ya kuziba. Mwisho hupaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, kwa kiganja cha mkono, mpaka chini yote ya chombo iwe nyeupe. Kazi hiyo lazima iishe kabla maji hayajarudi.

Bahari yetu ina joto, na katika maji ya joto viumbe hawalali. Yupo mnyoo anayeingia ubaoni akiwa mdogo hata jicho halimwoni, akanenepea humo ndani, akaacha ubao mzima kwa nje na matundu matupu kwa ndani. Yupo kome anayeng'ang'ania na kukifanya chombo kizito. Aliyewahi kusimama karibu na fundi akipaka deheni amekwisha kulielewa swali lililowakosesha usingizi waunzi wa manowari wa Ulaya katika karne ya 19.

Karne hiyo husimuliwa kama karne ya chuma. Mwaka 1859 Wafaransa walishusha majini Gloire, meli ya mbao iliyovikwa deraya ya chuma. Mwaka uliofuata Waingereza wakashusha Warrior, yenye mwili wa chuma mtupu, na juu ya mwili huo deraya ya unene wa sentimita 11 na ushei. Watu wakaamini mbao zimekwisha kazi. Lakini nyuma ya deraya ya Warrior palipangwa msaji wa unene wa sentimita 46. Chuma kilizuia kombora na msaji ukaumeza mshindo wake. Bila mbao hizo bolti zingekatika na mabamba yangepasuka. Na msaji ni mti uleule ambao waunzi wa majahazi wa Bahari ya Hindi waliuthamini kupita miti yote. Hata katika meli iliyoonekana kuwa mwisho wa enzi ya mbao, fundi alijua pa kuuweka.

Tatizo la meli kama hizo katika bahari yetu lilikuwa hapo chini. Chuma hakitobolewi na mnyoo, ila kome na mwani hukipenda, na rangi za wakati ule hazikuwazuia kwa muda mrefu. Manowari ya chuma iliyokaa miezi kadhaa katika maji ya joto ilipoteza mwendo na kula makaa kupita kiasi, na ilihitaji gudi la kuipandisha ili isafishwe. Unguja haikuwa na gudi la kuibeba meli ya ukubwa huo.

Dawa ilijulikana tangu zamani, nayo ni shaba. Bamba jembamba la shaba likipigiliwa chini ya meli, mnyoo hapiti na kome hakai, kwa sababu shaba huliwa na maji ya chumvi kidogo kidogo na sumu yake huwafukuza. Wanamaji wa Uingereza waliijaribu kwenye manowari Alarm mwaka 1761. Miaka miwili baadaye walipoikagua walikuta misumari ya chuma iliyogusana na shaba imelika vibaya. Mahali pachache misumari ilikuwa mizima. Hapo karatasi iliyofungiwa mabamba ya shaba ilikuwa imesahauliwa ikabaki katikati, na karatasi hiyo tu ndiyo iliyoiokoa. Chuma na shaba zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme hupita baina yake na chuma ndicho kinacholiwa. Kwa hiyo huwezi kuichukua meli ya chuma ukaivika shaba. Ungekuwa unaiyeyusha meli yako kwa mikono yako.

Mafundi waliolitafakari hilo wakaja na muundo ambao mimi nauona mzuri kuliko deraya yoyote: mataruma ya chuma, mbao kwa nje, na shaba juu ya mbao. Chuma hukipa chombo nguvu bila kula nafasi, kwa sababu taruma la chuma ni jembamba kuliko la mti. Mbao hubeba shaba na kuitenga na chuma. Shaba huzilinda mbao. Kila kimoja kinafanya kazi ambayo kingine hakiiwezi, na kila kimoja kingeharibu chombo kikiachwa peke yake.

Sultani Barghash bin Said alipata sababu ya kutaka meli mpya tarehe 15 Aprili 1872, pale kimbunga kilipoipiga Unguja na kuziharibu meli zake. Mwaka uliofuata manowari ya Uingereza iitwayo Glasgow ilitia nanga Unguja, wakati Barghash anashinikizwa kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Meli ile ilimvutia, akaagiza ya kwake kwa sura ileile. Kazi ikapewa William Denny na nduguze wa Dumbarton, Scotland, nayo ikakamilika mwaka 1878.

Hao hawakuwa mafundi wa kubahatisha. Cutty Sark, jahazi kubwa la kubebea chai lililoshushwa mwaka 1869, lilianzwa na waunzi wengine palepale Dumbarton, wakafilisika kazi haijaisha, na akina Denny ndio walioimaliza. Cutty Sark nayo ina mataruma ya chuma na mbao kwa nje. Walipopokea oda ya Barghash walikuwa wanaufahamu muundo huo kwa mikono.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Umbo la kila taruma lilichorwa kwanza kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya mbao. Mchoro ukahamishiwa kwenye sakafu nene ya chuma yenye mamia ya matundu, na vigingi vya chuma vikachomekwa kufuata mstari. Mhunzi akauvuta upau kutoka tanuri ukiwa mwekundu, na watu kadhaa wakaukunja kwenye vigingi hivyo kwa nyundo na makoleo kabla haujapoa. Ukikunjwa pungufu unarudishwa motoni. Kila jozi ya mataruma ina mkunjo wake, maana tumbo la meli hubadilika tangu hanamu mpaka nyuma. Fundi wetu hutembea msituni kutafuta tawi lililokua limepinda kama anavyotaka. Mhunzi wa Dumbarton alilazimika kulitengeneza tawi lake.

Baada ya mataruma kusimama juu ya mkuku huja mbao za msaji, na hapo ndipo pana kazi ninayoipenda kuliko zote, bolti. Bolti hupita katikati ya ubao ikaingia kwenye taruma la chuma. Ikiwa ya chuma, kichwa chake kiko jirani mno na shaba ya nje. Ikiwa ya shaba au ya madini ya Muntz, yale ya shaba na zinki aliyoyasajili George Muntz mwaka 1832, basi mkia wake unagusa chuma cha ndani. Hakuna bolti isiyo na hatari, na katika meli moja kuna maelfu. Dawa ilikuwa kukizamisha kichwa ndani ya ubao, kuliziba shimo juu yake, na kuhakikisha tone la maji ya chumvi halipati njia ya kuviunganisha vile viwili. Bolti moja iliyozibwa kwa haraka ingeweza kuanza kuoza mahali ambapo jicho halitafika tena. Hakuna mkaguzi awezaye kuikagua kazi ya namna hiyo ikishafunikwa. Inategemea uaminifu wa mtu aliyekuwa ameshika nyundo saa hiyo.

Kisha maungo yakatiwa kalafati, huko kwa nyuzi za kamba kuukuu na lami, juu yake ikaja shaba, bamba likipanda juu ya bamba jingine kidogo, kila moja kwa misumari ya shaba. Fundi wa Uyombo angeisoma kazi hiyo bila mkalimani.

Meli iliyofika Unguja ilikuwa na milingoti mitatu, matanga kamili, injini ya mvuke na rafadha. Ilibeba mizinga 7 ya kurusha makombora ya ratili 9, yaani kilo 4 hivi, pamoja na bunduki ya mtombo ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria. Barghash hakupendezwa nayo kama alivyotarajia, ikabaki imetia nanga mbele ya jumba. Wapo wanaoishusha thamani kwa hilo. Nadhani wanaonea. Mwenye chombo anaweza kukichoka, na kazi ya aliyekiunda ikabaki kuwa kazi njema.

Barghash alifariki mwaka 1888. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Bandarini zilikuwapo manowari St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, chini ya Admirali Harry Rawson. Kwetu sisi wa pwani ya Kilifi meli hiyo ya St George si ngeni katika historia: mwaka mmoja kabla, mgogoro wa urithi wa Takaungu ulipogeuka vita na Mbaruk bin Rashid akaingia upande wa waasi, wanamaji wa Rawson walishuka nchi kavu wakaenda kuipiga ngome yake ya Mwele.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza kulipiga jumba. Dakika chache baadaye Glasgow ikafyatua kuielekea St George. Mabaharia wale walikuwa na kombora la kilo 4, na mizinga miwili mikubwa ya St George ilirusha kombora la kilo 172. Glasgow ilitobolewa chini ya mstari wa maji. Wafanyakazi wake wakapandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu, na mashua za adui zikawaokoa. Meli ikakaa kwenye mchanga, milingoti yake ikabaki juu ya maji, kwa kuwa kina kilikuwa kifupi. Upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500, na hao ndio uzito wa siku ile.

Lakini kwa anayezitazama meli zenyewe, pana jambo ambalo wasimulizi wa vita hulipita. Thrush na Sparrow, zilizoshushwa mwaka 1889, zilikuwa za muundo uleule wa Glasgow: mataruma ya chuma cha kisasa, mbao kwa nje, shaba juu yake. Na St George, ya mwaka 1892, yenye tani zaidi ya 7,000 na mwili wa chuma cha pua, nayo ilikuwa imevikwa mbao na shaba chini ya mstari wa maji kwa sababu ilikusudiwa kutumika katika bahari za joto. Mizinga ilikuwa imebadilika kabisa katika miaka 18. Injini zilibadilika. Sehemu inayokaa ndani ya maji ilikuwa bado inafuata ushauri wa waunzi wa mwaka 1869, kwa kuwa mnyoo na kome hawakubadilika. Glasgow haikushindwa na bahari. Baada ya miaka 18 bandarini ilikuwa ingali inaelea. Ilishindwa na kitu ambacho hakuna fundi wa mbao aliyeombwa akizuie.

Mabaki yake yalivunjwa na sehemu kubwa kuondolewa mwaka 1912. Thrush iliharibikia kwenye pwani ya Ireland mwaka 1917, na St George ikauzwa vyuma chakavu mwaka 1920. Anayetaka kuuona muundo huo leo anaweza kwenda Greenwich, London, ambako Cutty Sark imehifadhiwa. Iliungua mwaka 2007, ikatengenezwa, na tangu 2012 imeinuliwa kiasi cha mita 3 hivi kwamba mgeni anapita chini ya tumbo lake. Nimemwambia kila mtu wa kwetu aliyeko huko asiishie sitahani kupiga picha. Aingie ngamani, ayatazame mataruma ya chuma na mbao zilizoyaegemea, ahesabu bolti za ubao mmoja tu, kisha ashuke chini na kusimama hapo kadiri fundi wa Uyombo anavyosimama kabla hajashika patasi.