Jina na Saa Zake

Mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, una komini saba, na mojawapo inaitwa Kenya. Mtu wa komini ya Katuba akisema anapita Kenya kumsalimia dada yake, kila anayemsikia anajua anakwenda wapi, wala hakuna anayewaza Nairobi. Majina mawili yanayofanana huishi kwa amani maadamu kila moja lina mzazi wake anayejulikana. Mfumo wa majina ya vikoa, ule unaoitwa DNS kwa kifupi, umejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Jina lolote uandikalo kwenye kivinjari husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Jina kenya likikaa chini ya .cd, kikoa cha Kongo, na kenya jingine chini ya .ke, hayatagongana hata siku moja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi mapema miaka ya 1980 kompyuta zote za mtandao wa Arpanet ziliorodheshwa katika faili moja, lililotunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake huko Menlo Park, California. Aliyetaka jina aliwaomba wao, na kila kompyuta ilinakili orodha nzima kutoka kwao. Mwaka 1983 Paul Mockapetris aliandika mpango wa kuivunja orodha hiyo vipande vipande na kumkabidhi kila mwenye kipande mamlaka juu ya chake. Mzazi hana haja ya kuwajua wajukuu. Anajua tu mtoto wake anapatikana wapi, na mtoto ndiye atakayejibu mengine. Kwangu huo ni uamuzi wa busara kuliko mingi iliyowahi kufanywa katika historia ya kompyuta. Ndio uliozaa kazi ninayotaka kuisifu hapa: kazi ya yule anayetunza jina la kikoa na mipangilio yake.

Watu huidhania kazi ndogo. Wanaona ukurasa wenye visanduku vichache vya kujaza: rekodi ya A inayotaja namba ya seva, MX inayosema barua pepe zipelekwe wapi, NS inayotaja seva zenye haki ya kujibu kuhusu jina hilo. Kuvijaza ni dakika chache. Lakini malighafi halisi ya fundi huyu ni muda. Kila anachokiandika ni ahadi yenye saa ndani yake, na ustadi wake unapimwa kwa namna anavyozijua saa hizo kabla hazijatimia.

Chukua kazi ya kuhamisha tovuti ya shule kutoka seva moja hadi nyingine. Kila rekodi hubeba idadi ya sekunde, iitwayo TTL, ambazo kompyuta za watu wengine zimeruhusiwa kuikumbuka bila kuuliza tena. 86400 ni siku nzima. Anayebadilisha namba ya seva saa nne asubuhi bila maandalizi atakuta mchana baadhi ya wazazi wanafika kwenye seva mpya na wengine bado wanapelekwa kwenye ya zamani, wala hakuna kitufe cha kuwarudisha, maana kumbukumbu hiyo imehifadhiwa kwenye mitambo isiyo yake. Fundi mzuri huanza mapema. Hushusha TTL hadi 300, yaani dakika tano. Kisha husubiri siku nzima, hadi ahadi ya zamani iishe kwa watu wote. Ndipo hubadilisha namba, na seva ya zamani huiacha ikiendelea kujibu mpaka asiwepo tena anayeiendea, halafu huipandisha TTL ili seva zisiulizwe swali lilelile bure. Badiliko lenyewe ni la sekunde moja. Mimi navutiwa na ile siku ya kusubiri, ambayo hakuna bosi aliyeiagiza na ambayo mwenye haraka angeiruka.

Wanaoandika rekodi kwa mkono, katika programu kongwe kama BIND, wana adabu nyingine mbili. Juu ya faili kuna namba ya toleo, ambayo kwa desturi huwa tarehe ya siku ikifuatwa na tarakimu mbili, mathalani 2025031401. Seva saidizi huitazama namba hiyo tu. Isipopanda, hazichukui chochote, na badiliko lako hubaki kwenye seva kuu peke yake. Halafu kuna nukta mwishoni mwa jina kamili. Ikisahauliwa, programu hudhani jina halijaisha na kulitia mkia, na barua zote za ofisi huanza kutafuta seva ambayo jina la kikoa limerudiwa mara mbili. Nauheshimu sana ufundi unaomdai mtu aitazame nukta.

Kongo inazijua saa za majina kuliko nchi nyingi. Lubumbashi iliitwa Élisabethville hadi 1966. Katanga iligeuzwa Shaba mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikarudishiwa jina lake mwaka 1997, na mwaka 2015 ikagawanywa, mji ukawa makao makuu ya Haut-Katanga. Nchi yenyewe ilipoacha kuitwa Zaire, Mei 1997, kikoa chake kilikuwa .zr. Kikoa cha .cd kiliundwa mwaka huohuo, lakini .zr hakikufutwa papo hapo. Kilibaki kando ya kipya mpaka 2001, ndipo kikaondolewa kwenye mzizi wa intaneti, yaani orodha ya juu kabisa ya DNS. Miaka minne ya majina mawili kukaa pamoja ni ileile kazi ya TTL kwa kipimo cha taifa. Serikali inaweza kubadili jina kwa tamko la asubuhi moja. Anwani iliyokwisha kuchapishwa kwenye bahasha na vitabu hailisikii tamko, na aliye nayo mkononi anastahili kupewa muda.

Kisa kinachonigusa zaidi kilitokea mwishoni mwa 2020. Kila nchi huorodhesha kwenye mzizi majina ya seva zinazojibu kwa niaba ya kikoa chake. Baadhi ya seva za .cd zilikuwa chini ya jina scpt-network.com, kutokana na SCPT, shirika la posta na mawasiliano la Kongo. Muda wa jina hilo uliisha bila kuhuishwa. Jina la .com likiachwa, baada ya siku za nyongeza anazotoa msajili, hupita siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, na baada ya hapo mtu yeyote duniani anaweza kulisajili. Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliliona likiwa katika hatua hizo, kabla halijaachiliwa. Lilipoachiliwa akalisajili yeye, ili asilichukue mwingine, na karibu nusu ya maulizo yote ya .cd yakawa mikononi mwake. Aliyekaa mahali hapo kwa nia mbaya angeweza kuwapeleka wasomaji wa tovuti yoyote ya Kongo anakotaka, kuzinasa barua pepe, hata kujipatia vyeti vya usalama kwa majina yasiyo yake. Januari 2021 Almroth aliwaarifu wasimamizi wa .cd, nao wakarekebisha orodha kwenye mzizi, wakaweka scpt-network.net mahali pa jina lililopotea.

Kongo haikuzimika katika siku hizo, na sababu yake inafaa kukumbukwa. Seva nyingine za .cd, zisizokuwa chini ya jina lile, ziliendelea kujibu. Huo ni ushauri ulioandikwa tangu Julai 1997 katika waraka wa wahandisi unaojulikana kama RFC 2182: seva za kikoa kimoja zisiwekwe zote mahali pamoja wala kutegemea njia moja ya mtandao. Mimi ningeongeza jambo ambalo kisa hiki kimenifundisha. Watu huhesabu seva, wakasahau kuhesabu majina yanayozibeba. Seva nne zilizo chini ya jina moja la kukodi zina tarehe moja ya kufa, hata kama kila moja iko katika bara lake.

Mmoja wa walioandika waraka ule ni Mmarekani Randy Bush, ambaye wengi wetu tuna deni kwake. Kikoa cha .ke kilipoanzishwa, tarehe 29 Aprili 1993, msimamizi wake alikuwa Dakta Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, na upande wa kiufundi ulishikwa na Bush kutoka ng'ambo, wakati Kenya yenyewe ilikuwa bado haijaunganishwa na intaneti kikamilifu. Mwaka 2002 iliamuliwa usimamizi uhamie kwa shirika la KeNIC, Nairobi. Katika makabidhiano kama hayo ndipo ufundi huu unapokutana na tabia ya mtu. Jon Postel, aliyegawa vikoa vya nchi kwa miaka mingi, alieleza katika waraka wa 1994 kwamba anayeshika kikoa ni mdhamini wa jamii, na kwamba mazungumzo ya kumiliki hayana nafasi hapo. Kinachofaa kuzungumzwa ni wajibu na huduma. Watu wa pwani wangesema amepewa amana.

Amana hiyo iko pia kwenye majina madogo. Kila mahali Afrika Mashariki kuna shule, zahanati na vyama vya ushirika ambavyo jina la kikoa limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyetengeneza tovuti. Kijana akipata kazi kwingine, ilani za kulipia zinaenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Fundi mwenye amana huandika kwenye karatasi jina limesajiliwa kwa nani, nywila inatunzwa na nani na tarehe ya mwisho ni ipi. Tena huhakikisha kwamba anwani ya mawasiliano haiko chini ya kikoa chenyewe, kwa sababu kikizimika, ilani ya kuzimika haitamfikia mtu.

Tena jina linaweza kufa hata pasipo mtu aliyesahau kulilipia. Mwaka 1965 André Yav aliandika kijitabu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji kwa Kiswahili cha hapohapo, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, na baadaye yeye na Vincent de Rooij wakakiweka kwenye intaneti, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu kwenye seva za Chuo Kikuu cha Amsterdam. Walifanya kazi njema mno. Tatizo ni kwamba anwani ya hifadhi hiyo ilibeba herufi za kitivo: ilianza na pscw, baadaye ikawa fmg. Kitivo kilipangwa upya kama vitivo vyote vinavyopangwa upya, na vitabu vilivyokwisha kuchapishwa na anwani ya kwanza haviwezi tena kusahihishwa. Jina lenye idara, mradi au mwaka ndani yake limezaliwa na tarehe ya kufa, na fundi anapaswa kulikataa mapema, hata kama wakubwa wanalipenda.

Ningependa hifadhi ile ipate jina la pili chini ya .cd, lisilotaja kitivo wala mfadhili, lililolipiwa kwa miaka mingi kadiri msajili anavyoruhusu. Seva yake moja ikae Lubumbashi, ya pili Nairobi, ya tatu nje ya Afrika, kila moja chini ya kikoa tofauti. Ilani zisomwe na watu wawili. Anwani za zamani, zile ambazo Amsterdam bado inaweza kuzijibu, zimwelekeze msomaji kwenye mpya. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji mitambo ya gharama. Linalohitajika ni mtu wa kuandikwa kwenye kisanduku cha msimamizi, na ningefurahi akiwa mtu wa Lubumbashi, anayekisoma Kiswahili cha Yav bila tafsiri.