Kuhuisha Kazi Kongwe: Maisha ya Tippu Tip na Chapa Zake

Kazi ya kale itolewapo tena kwa sura mpya, watu hugawanyika. Wako wafurahio kwamba kilichofichika sasa chaonekana, na wako walalamikao kwamba kilichorudi sicho kilichokwenda. Mabishano hayo yamesikika sana katika michezo ya video ya kurukaruka. Mwaka 2017 studio ya Vicarious Visions ilitoa upya michezo mitatu ya kwanza ya Crash Bandicoot, iliyobuniwa na Naughty Dog kati ya 1996 na 1998. Picha zake zilisifiwa sana. Lakini waliokuwa wamezoea ule wa kwanza waligundua kwamba mruko haukuwa ule ule: mnyama alishuka upesi zaidi, na pale ukingoni alipokuwa akisimama zamani, sasa aliteleza. Katika mchezo ambao kiini chake ni kuruka, hilo si jambo dogo.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina kazi iliyopita njia hiyo, tena ni kazi inayoihusu Tabora. Ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi Ituru, karibu na Tabora, na alimwoa Karunde, binti Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Tippu Tip aliandika habari zake kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akazitia katika herufi za Kirumi na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwaka 1958 na 1959 W. H. Whiteley alizitoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 East African Literature Bureau ikazichapa kuwa kitabu.

Fadhila za chapa hii ya pili hazikaniki. Majarida ya Berlin hayakuwa ya kufikiwa na mwanafunzi wa Tabora, wala Kijerumani hakikuwa lugha yake. Whiteley aliirudisha kazi nchini ilikozaliwa, akaiweka mikononi mwa watu ambao babu zao walibeba pembe zilizotajwa humo. Anayedharau tendo hilo kwa kuipenda mno chapa ya kwanza anapenda kabati kuliko kitabu.

Hata hivyo, kuna mruko uliobadilika. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumika pwani kwa kawaida, hazikutenga vema i na e, wala u na o. Herufi moja yaweza kusomwa b, p au mb. Mwenye kuigeuza hati hiyo hanakili tu, huamua. Katika maneno ya kawaida uamuzi ni mwepesi, kwa kuwa maana humwongoza msomaji. Lakini katika majina ya vijiji na ya watemi wa bara, njiani kutoka Tabora kwenda Ujiji na Manyema, nini kitamwongoza mtu wa Berlin? Jina likishachapwa kwa herufi za Kirumi huonekana thabiti, na mashaka yaliyokuwamo katika hati hayaonekani tena. Tahajia sanifu huzidisha ulaini huo: msomaji huteleza juu ya mstari pasipo kujua kwamba hapo palikuwa na shimo.

Kasoro ya pili ni ya ukurasa wenyewe. Kiingereza kimewekwa mkabala na Kiswahili, na mwanafunzi aliye na haraka hukimbilia upande ule. Humo hukosa namna mwandishi anavyotaja mauaji na faida kwa sauti moja tulivu, na neno washenzi linavyomtoka pasipo haya. Utulivu huo ndio unaotisha, nao ni ushahidi wa biashara ile kuliko laana ya mwandishi yeyote wa baadaye. Mhariri atakayejaribu kuulainisha ataondoa kitu ambacho hawezi kukirudisha.

Mtu aweza kulinganisha na tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, alimokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na Stanley. Lilijengwa upya mwaka 1957, na sasa ni makumbusho. Mgeni hupapasa ukuta akidhani ni ule ule. Pasingekuwa na ujenzi ule angepapasa hewa. Lakini kibao kidogo cha kumwambia ukuta upi ni wa zamani na upi ni wa jana hakingeubomoa.

Kibao cha namna hiyo ndicho kinachokosekana katika kitabu cha Tippu Tip. Chapa ya tatu, ikitengenezwa, iache Kiswahili kisimame peke yake kwanza, tafsiri ije nyuma. Na kila jina la bara liandikwe pamoja na namna nyingine linavyoweza kusomeka. Kazi hiyo haitamalizwa na mjuzi wa Kiarabu peke yake. Yapasa aketi na wazee wa Kinyamwezi, awasomee majina hayo moja moja, asikie yapi wanayatambua.