Fundi wa Kinu, Mzee wa Baraza

Mto Malakisi hushuka kutoka Mlima Elgon kwa kasi, kama wafanyavyo Kuywa na Chwele. Nguvu hiyo ilipotea bure hadi watu walipojifunza kuifunga kwenye jiwe. Mnamo 1902 Wamarekani watatu wa madhehebu ya Quaker, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni yao Kaimosi. Ilikuwa misheni ya ufundi: maji ya mto yakaendesha msumeno wa kupasua mbao. Kufikia miaka ya 1930 wenyeji wa Kavirondo Kaskazini, wilaya ya kikoloni iliyojumuisha Bungoma ya leo, walikuwa wanachanga fedha na kujenga vinu vyao vya maji. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walihitaji unga, na msagaji akapata soko.

Ufundi wenyewe nauheshimu sana. Kwanza ni mfereji. Huchepushwa mbali, juu ya mto, kisha huteremshwa taratibu kuliko mto wenyewe, hata ukifika kinuni maji yawe juu, tayari kuangukia gurudumu. Ukiuchimba na mteremko mkali, umepoteza kimo. Ukiulaza mno, matope yatauziba.

Halafu mawe. La chini hutulia, la juu huzunguka, na kamwe hayagusani. Mifereji midogo iliyochongwa kutoka katikati hadi ukingoni hukata punje, huusukuma unga nje na kupitisha hewa ya kuupoza. Mawe yakikaribiana mno, unga huungua na kunuka. Yakiachana, hutoka chenga. Kwa hiyo msagaji hodari husimama pale unga unapoanguka, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akasogeza jiwe kidogo, akasugua tena. Makali yakiisha, jiwe la juu hunyanyuliwa na kupinduliwa, naye hukaa juu yake na nyundo na patasi, akichonga mstari baada ya mstari. Haraka hapa huharibu jiwe la gharama.

Kazi ya namna hii humweka mtu hadharani. Mama aliyebeba debe la mahindi kichwani huona kipimo kikijazwa, huujua unga wake, na huwaambia wenzake. Mwenye kinu naye anahitaji barabara na daraja, maana mteja asiyeweza kuvuka mto hafiki. Haishangazi basi kwamba mabaraza ya wenyeji yalipoanzishwa kwa sheria katikati ya miaka ya 1920, wafanyabiashara walikaa humo pamoja na machifu na walimu, wakibishana kuhusu barabara, ushuru na shule. Katika kizazi hicho alitokea Pascal Nabwana, mjumbe wa baraza na kiongozi wa chama cha Bukusu Union, aliyepigania elimu ya watu wake.

Mashine za dizeli na umeme sasa husaga kwa nyundo za chuma, kwa dakika chache, nazo zimewapunguzia akina mama safari ndefu. Lakini mizani ya zamani ya kumpima kiongozi ingali bora kuliko mikutano yetu ya kampeni. Anayetaka kuwa mwakilishi wadi Bungoma aulizwe kazi gani ameifanya mbele ya macho ya majirani, kwa miaka, kwa kipimo kamili. Asiye na jibu, tusimpe kura.