"Alizaliwa Walungu": Walungu gani?

Hapa Bukavu kila matanga iko na karatasi yake: biografia ya marehemu. Mara nyingi anayeiandika ni mmoja wetu, juu njo alisoma. Nimesikia nyingi na zingine niliandika mimi mwenyewe. Leo nazikosoa, na zangu ndani.

Watoto, wajukuu, kazi na ugonjwa, hayo tunayataja vizuri. Lakini mwanzo ni sentensi moja tu: "Alizaliwa Walungu, mnamo 1938." Kisha tunaruka mpaka ndoa.

Walungu gani? Iko teritware ya Walungu. Iko grupema ya Walungu, ndani ya sheferi ya Ngweshe. Iko na parokia. Mutu wa Kaziba pia eko wa teritware hiyo, lakini Kaziba ni sheferi ingine na mwami wake. Hata wa Kamanyola, kule chini kwenye bonde la Ruzizi, kwa karatasi eko wa Walungu. Mjukuu atakayetafuta kesho ataanzia mlango gani?

Kosa la pili: tunavalisha zamani majina ya leo. Tunaandika "alizaliwa Sud-Kivu 1950", na Sud-Kivu imeanza 1988, Kivu ilipogawanywa sehemu tatu. Mji wetu wenyewe uliitwa Costermansville. Wakati wa Mobutu teritware ikawa zone, sheferi ikawa kolektivite. Na 1972 majina ya kikristo yakakatazwa: aliyebatizwa Joseph hakuwa tena Joseph kwenye karatasi za leta. Asiyejua hayo atafunga kitabu akisema babu hayumo.

Kosa la tatu njo kubwa: tunasahau parokia. Mipaka ya kanisa si ya leta. Kilima kinaweza kuwa cha grupema hii, watu wake wakabatizwa misioni ya upande mwingine. Na kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki kinaandika wazazi, wasimamizi, na pembeni hata ndoa. Kwa Wapentekoste ni tofauti: wanabatiza mutu aliyekomaa, basi tarehe ile haikuonyeshi mwaka wa kuzaliwa.

Uingereza nako wilaya za zamani ziligawanywa vipande vyenye majina mbalimbali. Kule Yorkshire viliitwa wapentake. Lakini tangu 1538 kila parokia iliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Ndiyo maana anayetafuta ukoo kule anauliza parokia mapema. Sisi hatuiandiki hata kidogo.

Mutaniambia matanga si mahali pa utafiti. Lakini ni siku gani ingine wazee wote wanakaa pamoja? Nilipoandika ya babu yangu niliweka "Walungu", nikaendelea. Dada yake alikuwa kiti cha mbele. Ni yeye wa mwisho aliyejua kilima walipozaliwa. Sikumuuliza. Mwaka uliofuata tukamzika yeye pia, na karatasi yake niliandika vilevile: Walungu.

Mimi ni agronome. Mutu akiniletea udongo na kusema tu "umetoka Walungu", ninamrudisha: kilima gani, shamba gani, kina gani? Babu yangu nilimpa heshima ndogo kuliko mfuko wa udongo.

Basi, mutakapopewa ile kalamu, andikeni mistari miwili zaidi: kijiji au kilima, grupema, sheferi, teritware, parokia au kanisa alipobatizwa, jina la wakati ule na la leo. Na kabla ya kuandika, kaeni kwanza karibu na yule mama mzee wa kiti cha mbele.