Moto wa Pili

Katika vilima vya Nkasi, kaskazini mwa Sumbawanga, bado yamesimama malungu: tanuri za udongo zinazompita mtu kimo, ambamo Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma. Mgeni anayeyatazama hudhani kazi iliishia hapo. Haikuishia. Kilichotoka tanurini kilikuwa bonge gumu, nusu chuma na nusu mavi ya chuma. Fundi alilivunja, akachagua vipande, akavitia katika kitanuri kidogo kiitwacho kintengwe na kuvichoma upya, safari hii kwa mivukuto. Ndipo nyundo ilipopata zamu yake. Jembe halikutoka katika moto wa kwanza.

Wapo watu wanaofanya kazi ya kintengwe kwa kalamu. Hawana sifa kubwa mjini. Wakati msimuliaji amekwisha kuwashika watu kwa kisa cha nabii aliyeua waumini wake, wao ndio huinua kidole na kuuliza: mwaka gani? Nani alihesabu? Kisa hupoa, wasikilizaji hununa, na mhakiki huonekana mharibifu wa baraza. Methali nayo haimsaidii. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kauli nzuri kwa kutahadharisha, mbaya sana kwa kuandika historia.

Sumbawanga inaijua adha ya lisemwalo. Jina lenyewe, kwa maelezo yanayorudiwa sana, ni amri ya Kifipa: sumba, tupa, wanga, uchawi. Tupa uchawi wako kabla hujaingia. Nchi nzima imelichukua jina hilo ikaligeuza upande, ikaufanya mji unaokataza uchawi kuwa makao makuu yake, mpaka mtu wa Dar es Salaam akisikia mwenzake katoka huko humtania kuhusu radi ya kutumwa. Radi zipo kweli. Uwanda wa Ufipa uko juu, yapata mita 1,800 toka usawa wa bahari, katikati ya bonde la ziwa Tanganyika na bonde la ziwa Rukwa, na mvua za masika hapo huja na ngurumo zake. Hakuna aliyezituma. Mtu aliyekulia chini ya utani huo ana sababu ya kuipenda kazi ya kuuliza maswali.

Sasa ichukuliwe sentensi moja, ya aina inayosikika pande zote mbili za mpaka wa Zambia pale Kasesya: Mwana Lesa alikuwa Shahidi wa Yehova kutoka Zambia aliyewabatiza watu mtoni na kuwazamisha wote. Fupi, inatisha, inakaa kichwani. Jina halihitaji mkalimani Ufipa, ambako Mungu ni Leza. Ni Mwana wa Mungu. Sentensi kama hiyo ndiyo bonge la ilungu. Chuma kimo ndani yake.

Mhakiki huanza na vitu vidogo, kwa kuwa ndivyo vinavyosahauliwa na mwongo na hata na mkweli. Zambia ilipata jina hilo Oktoba 1964. Mwaka 1925, matukio yalipotokea, palikuwa Rhodesia ya Kaskazini, koloni iliyotoka mikononi mwa kampuni mwaka mmoja tu uliotangulia na kuingia chini ya serikali ya Uingereza. Anayekwenda kwenye nyaraka kutafuta Zambia atarudi mikono mitupu, kama vile atakayetafuta Mkoa wa Rukwa kabla ya 1974, ulipomegwa na kupewa jina. Katika pande hizi kila mji una jina la pili mfukoni. Mbala ilikuwa Abercorn, ambako Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918. Kabwe ilikuwa Broken Hill. Kasanga, kwenye ufuko wa Tanganyika, ilikuwa Bismarckburg ya Wajerumani. Nusu ya ufundi ni kujua barua fulani iliandikwa kwa jina lipi.

Na Mwana Lesa mwenyewe hakutoka Rhodesia ya Kaskazini. Aliitwa Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Alikuwa mmoja wa vijana wengi waliovuka mipaka kufuata kazi.

Halafu dini yake. Hapa kalenda peke yake inatosha. Jina Mashahidi wa Yehova lilipitishwa katika mkutano wa Columbus, Ohio, Julai 1931. Nyirenda alinyongwa 1926. Haiwezekani mtu akawa na jina lililozaliwa miaka mitano baada ya kifo chake. Alichohubiri ni mafundisho ya Watch Tower, chama ambacho wafuasi wake ndio waliokuja kulichukua jina hilo, na ambacho vitabu vyake vya Marekani vilikuwa vimesambaa Afrika ya Kati kwa njia ya wafanyakazi wa migodini, na kila mhubiri aliviongezea ya kwake. Nyirenda aliongeza kwamba Wamarekani weusi wangekuja kuwakomboa watu na kuwaletea mali. Hakutumwa na ofisi yoyote ya chama kile. Tofauti hiyo si ya kuwatetea wala kuwashutumu watu wa madhehebu fulani; ni tofauti kati ya mtu aliyesoma kitabu na mtu aliyetumwa na mchapishaji wake.

Karibu zaidi na Ufipa kuna mtego mwingine. Katika wilaya ya Abercorn, palepale ng'ambo, alikuwapo mhubiri mwingine wa Watch Tower, Hanoc Sindano, ambaye jina lake humfanya Mswahili atabasamu. Yeye na wafuasi wake walishitakiwa mwaka 1919 kwa kuwakaidi watawala na machifu. Serikali ilimwona mtu hatari, na majalada yake yanasomeka kwa hasira. Lakini Sindano hakuzamisha mtu. Ukisoma haraka, wahubiri wawili wa mafundisho yaleyale, katika koloni ileile, huyeyuka na kuwa mmoja, na damu ya mmoja humrukia mwingine. Mhakiki mzuri huogopa kosa hili kuliko kosa la tarehe. Tarehe haina wajukuu.

Vivyo hivyo na Mchape. Wazee wa Ufipa wakisikia habari za kusafisha uchawi hukumbuka mambo hayo: waganga waliopita vijijini miaka ya 1930 wakitokea Nyasaland, kisha Kamchape wa miaka ya 1960, ambao mwanaanthropolojia Roy Willis aliwakuta Ufipa akiwa utafitini na kuandika habari zao mwaka 1968. Hao walitoa dawa, walidai pembe na hirizi ziletwe hadharani, wakamrudisha mtuhumiwa kundini akiwa amesafishwa. Shabaha ilikuwa ileile ya Mwana Lesa, kijiji kisicho na mchawi. Njia zilitengana kama mbingu na ardhi.

Linabaki neno lililo zito kuliko yote katika ile sentensi: wote. Nyirenda alibatiza umati, na walio wengi walitoka majini wakaenda zao kupika. Waliouawa ni wale ambao ubatizo uliwaumbua, kwa maelezo yake, kuwa ni wachawi. Asiyezama sawasawa alikuwa amejitaja. Na hakufanya peke yake. Katika nchi ya Walala alikaribishwa na Chifu Shaiwila, aliyekuwa na watu aliotaka kuwaondoa. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika juu ya vuguvugu hili mwaka 1975, alimtoa Nyirenda kwenye picha ya kichaa aliyeshuka kutoka mawinguni, akamweka katikati ya siasa za kijiji: sheria ya kikoloni ilikataza kumtaja mtu kuwa mchawi, watu wakaona serikali inawalinda wachawi, na akatokea kijana mwenye kitabu aliyesema atawamaliza. Hilo halimpunguzii hatia. Linaongeza idadi ya wenye hatia, jambo ambalo kisa cha nabii mmoja mwenye wazimu huwa kinalificha vizuri sana.

Hesabu ya waliokufa ina mpaka ndani yake. Upande wa Waingereza ni watu kumi na kadhaa au ishirini na kitu, inategemea umesoma nani. Kisha Nyirenda alivuka kuingia Katanga, Kongo ya Wabelgiji, na huko wakafa zaidi ya mia moja. Mahakama iliyomhukumu ilikuwa ya upande mmoja wa mpaka, na maneno ya mashahidi yalipita kwa mkalimani kabla hayajawa Kiingereza cha karani. Anayeandika "takriban mia mbili" hajakosea sana, ila ameshona vitambaa viwili visivyofumwa na fundi mmoja, na msomaji anastahili kuuona mshono.

Kazi hii haikuisha na wakoloni. Kanisa la Kanungu, Uganda, lilipoteketea tarehe 17 Machi 2000, dunia iliambiwa ni watu waliojiua kwa imani. Siku chache baadaye maiti zikaanza kufukuliwa kwenye nyumba nyingine za kundi la kanisa hilo, watu waliokufa kabla ya moto, wengine kwa kunyongwa, na neno kujiua likabadilishwa kuwa mauaji. Jumla ikapita 700. Joseph Kibwetere, kiongozi wa kundi hilo, ambaye picha yake ilizunguka magazeti yote, hakupatikana hai wala maiti. Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, idadi ya waumini waliokufa katika magazeti ya Jumatatu ilikuwa imechakaa kufikia Ijumaa, hadi miili iliyofukuliwa ikazidi 400. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikana mashtaka, kwa hiyo mwandishi makini alibaki na neno "mshtakiwa" hata pale vidole vilipowasha kuandika lingine.

Kuna raha ya siri katika kazi hii, na wanaoifanya hawaisemi kwa kuogopa kuonekana wabaya: raha ya kumwona jitu likipungua. Nyirenda wa visa ni mwana wa Mungu anayetembea juu ya maji yenye maiti. Nyirenda wa majalada ana chifu anayemhitaji, ana polisi nyuma yake, anakamatwa Septemba 1925 baada ya miezi michache ya utukufu, na anatoa maelezo yake akiwa mahabusu kama mfungwa mwingine yeyote.

Ile sentensi ikishatoka kintengweni inasomeka hivi: Tomo Nyirenda wa Nyasaland, aliyejiita Mwana Lesa na kuhubiri mafundisho ya Watch Tower bila kutumwa, alibatiza watu wengi Rhodesia ya Kaskazini na Katanga mwaka 1925, akawaua wale aliowataja kuwa wachawi, baadhi yao kwa kushirikiana na Chifu Shaiwila, na wote wawili wakanyongwa mwaka 1926. Imekuwa ndefu mno, na barazani hakuna atakayeikariri. Pembeni mwa karatasi, kwa penseli, mhakiki ameacha maneno matatu na alama ya kuuliza: Katanga, majina yao?